Mama Mpishi na Rimu ya Lori

Gitaa halijapotea. Narudia hapa kwa maandishi kwa sababu Jumapili pale sokoni Lushoto hukuniachia nafasi nimalize. Umesimama mbele za watu na simu yako, umefungua ile programu ya kupimia nyuzi, mshale unacheza huku na huku, halafu unawageukia wenzako wa studio unasema hawa wazee wamepotea, hii sauti waliyoshika haipo. Haipo wapi? Mama mwenye kapu la karoti kaliweka chini anacheza, makuli wameacha viazi kwenye lori wanacheza, wewe mshale wako ndiyo unakwambia sauti haipo.

Na mimi ukanicheka. Eti jamaa yao mmoja kazi yake kuja anahema tu kama kafukuzwa na mbwa. Sawa, nilikuwa nahema, na nitakueleza kwa nini. Siku ile nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati, mimi hasira zangu haziko mbali, kila mtu kwetu anajua. Kilichokuokoa ni yule uliyemwita bibi mwenye ndoo. Alinitazama mara moja tu, nikakunjua.

Sasa kaa nikwambie huyo bibi mwenye ndoo ni nani.

Jina lake hatulitumii. Ni Mama Mpishi. Mwalimu mkuu anamwita hivyo, mchungaji hivyo hivyo, hata wanawe wakipiga simu kutoka Tanga wanasema shikamoo Mama Mpishi. Amepika uji wa shule yetu, huku juu upande wa Mgwashi, tangu mimi sijaanza darasa la kwanza, na bendi ni yake. Wako watatu tu. Seremala anapiga gitaa alilolichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao za kitanda cha mtu, na nyuzi zake ni waya za breki ya baiskeli. Mchinjaji, yule anayetuchinjia kijiji kizima, anapiga ngoma, na ngozi anaichagua ng'ombe akiwa bado anakula majani. Anamzunguka, anampigapiga ubavuni, anasema huyu atalia vizuri. Mwenye ng'ombe hapendi kabisa. Mama Mpishi anaimba, na mkononi ana mwiko wa uji, mbele yake ndoo ya bati imepinduliwa. Basi. Hawana spika, hawana sare, hata jina hawana. Kwenye kadi za harusi wanaandikwa "burudani".

Mimi nimewafuata kila mahali. Mponde nimekwenda kwa miguu, Rangwi nimekwenda juu ya gunia za kabichi. Mtu akiniuliza kwa nini nisisikilize muziki kwenye simu kama wenzangu, ninamwambia muziki wa kwenye simu haujawahi kunitaja. Huyu mama ana wimbo wa lori la karoti lililolala kwenye tope kule kwenye kona, masika, na ndani ya ule wimbo kuna "kijana mbishi aliyesukuma akiwa ndani". Huyo ni mimi. Nilikuwa nimekaa ndani ya lori nawaelekeza wenzangu namna ya kusukuma. Kila harusi watu wakifika hapo wananinyooshea vidole, na mimi nasimama napunga mkono. Wewe nani amewahi kukutungia hata mstari mmoja?

Anavyoingia harusini ndiyo utacheka. Bendi nyingine zikifika zinatafuta umeme. Yeye anapitiliza jikoni. Shikamoo zinaanza, marahaba, marahaba, huku tayari amefunua sufuria. Kama wali umeshika chini atauliza kuni nani kapanga hivi, atazitoa mbili, atafunika mkaa juu, na bwana harusi atangoja. Siku moja kule Mponde mwenye shughuli alikuja juu, akamwambia tumekuita uimbe, Mama, hatukukuita upike. Alimjibu taratibu tu, "Hawa watu hawajala, baba. Unataka niwaimbie nini?" Akamkabidhi kisu na kitunguu. Mwenye shughuli, na suti yake, akamenya.

Halafu ni mtu wa saa, yaani ukichelewa mazoezi hata kama ni mvua ya mawe hupigi siku hiyo. Mchinjaji alishawahi kukalishwa nje na ngoma yake kama mtoto kwa sababu alisimama njiani kuongea bei ya mbuzi. Lakini huyo huyo, shuleni, uji wa wachelewaji alikuwa anauficha. Walimu walikuwa na sheria, ukichelewa hunywi. Yeye alikuwa anaacha kibakuli kimefunikwa nyuma ya mafiga, anapiga kelele "Nani kaacha takataka hizi hapa, aje aziondoe," na tuliochelewa tunajua takataka ni zetu. Mimi nimeondoa takataka hizo miaka saba.

Nyumba yetu iko ng'ambo ya korongo, ndiyo maana. Unashuka, unavuka daraja la magogo, unapanda. Na kila asubuhi nikiwa kwenye lile daraja, si kabla wala si baada, kengele inalia. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkaratusi kwa mnyororo, na anayeigonga ni Mama Mpishi, kwa kipande cha nondo. Ngeeee. Nikiisikia moyo unashuka mpaka kwenye magoti, halafu nakimbia.

Kanisani kwetu, Kilutheri, alikuwa kwenye kwaya akatoka. Waliletewa kinanda cha umeme, wakamwambia apandishe sauti ikifuate. Akajaribu Jumapili mbili. Ya tatu akasema kile kinanda kinaimba juu ya kichwa chake, yeye hawezi kupanda ngazi huku anamsifu Mungu. Watu wakadhani amekasirika atahama kanisa. Wapi. Anakaa benchi la mbele mpaka leo, anaimba sauti yake ya chini, na nakuhakikishia nusu ya kanisa inamfuata yeye, kinanda kinabaki peke yake huko juu. Na Ramadhani ikiingia, kwa sababu Mchinjaji amefunga, bendi nzima inanyamaza mwezi mzima, na yeye mwenyewe haimbi hata akiosha vyombo. Nilimwambia lakini wewe Mama hufungi. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu anavaa kiatu kimoja kwa sababu mguu mmoja tu ndiyo unauma.

Nilitaka sana kuingia kwenye hiyo bendi. Alinijaribu. Alinipa kopo lenye mawe nitikise, wimbo mmoja tu, akanipokonya katikati. Hakunisema vibaya, hata aliniita mgoshi, yaani mwanaume kwa kilugha chetu. Alisema, "Wewe mgoshi unaupenda sana huu wimbo, unaukimbilia mbele. Kaa pale, tusikilize." Nikakaa. Nimekaa pale miaka yote.

Ila mazoezi alikuwa hataki yatazamwe. Ijumaa alasiri, watoto wakiondoka, wanajifungia nyuma ya jiko la shule, na ukichungulia unamwagiwa maji ya kuoshea sufuria. Tulikuwa tunasikia kwa mbali rimu inagongwa, mara moja, kimya, mara moja tena. Kijiji kizima tulijua anafukuza kima kwenye mahindi ya shule. Nani angewaza kitu kingine? Kima wenyewe walikuwepo.

Sasa nakuja kwenye ujinga wangu, na naomba usicheke kwa sababu wakati huo hakuna aliyecheka.

Mimi ni fundi umeme. Sikusomea. Nilifungua redio ya babu nikashindwa kuirudisha, nikafungua ya pili ili nijue ya kwanza ilikosea wapi, ndiyo shule yangu hiyo. Umeme ulipofika shuleni, kamati ikanipa kazi ya kufunga kengele mpya, ile ya kubonyeza. Nilifunga vizuri kweli, waya umenyooka ukutani kama umechorwa. Siku ya kukabidhi nikabonyeza mbele ya wazazi, ikalia triiii mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakaruka. Watu wakapiga makofi, na mimi makofi yakaniingia kichwani. Pikapu ya wanunuzi wa chuma chakavu ilikuwa imesimama pale, imekuja kuchukua mabati ya zamani ya choo. Nikasema kwa sauti kubwa, na hilo rimu la nini sasa, liondoke na wenzake. Nikapanda mwenyewe kwenye mkaratusi. Nikafungua mnyororo mwenyewe. Mama Mpishi siku hiyo alikuwa Bumbuli kwa mwanawe aliyejifungua.

Wiki mbili baadaye nikawafuata Rangwi, harusini. Jikoni aliingia kama kawaida, akasahihisha mchuzi, tukala. Wakaanza wimbo wa karoti, na mimi nimeshajiandaa kusimama. Sauti yake ikatoka, gitaa likatoka, lakini vilikuwa kama watu wawili wanatafutana kwenye ukungu, huyu anaita huku, yule anaitikia kule. Seremala akakaza uzi, akalegeza, akakaza. Ngoma ikaenda upande wake. Na Mama Mpishi, ambaye sijawahi kumwona anakata wimbo hata mvua inyeshe kwenye ndoo, akaweka mwiko chini. Aliwaomba radhi wenyeji, akasema bendi imeumwa. Hakufika hata kwangu kwenye wimbo.

Nilimkimbilia Seremala nyuma ya hema, nimekuja juu tayari, namuuliza ni nani kawaharibia, anitajie tu. Alikuwa amekumbatia gitaa lake.

"Tulikuwa tunakaza nyuzi kwa ile rimu," akasema. "Kila Ijumaa. Mama anagonga, mimi nakaza uzi mnene mpaka ukae ndani yake, Mchinjaji anapasha ngoma moto kwenye mafiga mpaka nayo ikae. Sauti yake Mama iko pale pale. Ndiyo nyumba yetu ile, mgoshi. Wewe umetupandia juu ukaezua."

Shabiki namba moja, najua kila wimbo, najua kila mstari, kumbe kitu kimoja kilichowashikilia sikukijua, na nilikibeba begani kwangu mpaka kwenye pikapu, nikakirusha ndani, nikajipangusa mikono.

Mama Mpishi alirudi kwenye uji wake, hakuniambia kitu. Hilo ndilo lilinimaliza. Bora angenimwagia maji. Mialiko ikaanza kuja, anaikataa kwa adabu, harusi ya kwanza, ya pili, ya tatu wakachukua mtu wa spika. Nikaanza kutafuta. Nilishuka Soni, hakuna. Nikashuka mpaka Mombo kwenye lile joto, nikapanda vilima vya vyuma nikigonga kila rimu kwa spana, wenye mali wananitazama kama nimechanganyikiwa. Waliniambia mzigo wa huko kwetu ulishapita siku nyingi, hizo sasa hivi ni nondo za mtu. Nikarudi na rimu tatu kwenye bodaboda, dereva ananitukana kila kona ya mlima.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kule kulikokatazwa. Walikuwepo wote watatu, wamekaa tu, gitaa limeegemea kuni. Nikatoa shikamoo zangu, nikaning'iniza rimu ya kwanza, nikagonga. Mchinjaji akasema hiyo ni ya basi. Ya pili ikalia kama sufuria imeanguka. Ya tatu nikaipiga kwa nguvu zangu zote, ikatoa sauti nyembamba, ndefu, kama mtu mzima anapiga chafya kanisani akijizuia. Mama Mpishi akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika mafiga, na Seremala naye, na Mchinjaji akafuta macho kwa kofia. Mimi nikawaka. Nikawaambia mimi nimekwenda mpaka Mombo kwa ajili yenu, basi iimbe mwenyewe Mama hiyo sauti, umeigonga miaka yote, Seremala akaze, yaishe.

Akaacha kucheka. Akasema amejaribu kila siku. "Mimi nilikuwa chini yake, mwanangu. Masikio yanajaa chuma tu. Sauti yenyewe ilikuwa inanipita, inakwenda huko kwenu."

Halafu akanitazama kwa jicho lingine.

"Wewe si ndiye ulikuwa unachelewa?"

Nikasema ndiyo Mama.

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Kengele ilikuwa inakukuta wapi?"

"Kwenye daraja la magogo."

"Ililiaje pale?"

Nikafungua mdomo nikaimba. Seremala akatikisa kichwa. Nikaimba tena, ikawa juu zaidi. Mama Mpishi akanyanyua mwiko, akaunyoosha kuelekea korongoni.

"Umetulia, ndiyo maana unatudanganya. Nenda pale darajani. Ukifika geuka, uje kama unachapwa. Usiimbe mpaka ufike hapa."

Mimi ni mtu mzima, nina fundi wangu mdogo ananiita bosi. Nilivua ndala nikashuka. Darajani nikageuka, na sijui nikwambieje, harufu ya yale magogo yaliyolowa ilinipiga tu nikawa na miaka tisa, sina kalamu, sijafanya hesabu, na mwalimu wa zamu yuko mlangoni. Nikapanda nakimbia. Wanawake waliokuwa wanachuma chai wakasimama na matenga mgongoni wakauliza kuna msiba wapi, watoto wakanifuata wanashangilia. Kifua kinawaka, magoti yanagongana, na njia inapokata kuingia shuleni, ile sauti ya darajani ikanirudia. Ndani ya kichwa changu, ngeeee, nzito, imetulia, na ule mtetemo wake wa mwisho kama nyuki anayeondoka. Nilifika nyuma ya jiko sina pumzi ya kusema jina langu, lakini hiyo moja nilikuwa nayo. Nikaitoa.

Seremala alikuwa ameinama, sikio juu ya gitaa, anakaza kidogo kidogo. Akagusa uzi. Nikaitoa tena, nahema. Akagusa. Vikakaa, yaani kimoja kikaingia ndani ya kingine kama mguu kwenye kiatu chake. Mchinjaji akasogeza ngoma kwenye moto bila kuambiwa. Na Mama Mpishi akafumba macho, akashusha sauti yake ya chini ikakaa pale pale, akaanza na wimbo wa karoti. Walipofika kwa kijana mbishi nikashindwa kusimama kupunga mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye majivu, nalia kama mjinga, na hapo usiniulize zaidi.

Kwa hiyo sasa unajua nilikuwa nahema nini Jumapili. Nilikuwa nimetoka stendi mbio mpaka sokoni, kupanda kote kule, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu kwenye bendi. Kopo la mawe sipewi mpaka leo. Kila shughuli nakimbia kwanza, nafika naitoa, Seremala anakaza, tunaanza. Umecheka kengele ya shule yetu, kijana, na simu yako haijawahi kuchelewa shule.

Juzi nimepita pale jikoni kumpelekea viazi. Umeme ulikuwa umekatika, ile triiii yangu imekufa ukutani, na kwenye mkaratusi nikaona ameining'iniza rimu ya tatu, ile ya chafya. Nikamwambia Mama, hiyo si ndiyo mliyonichekea mpaka mkashika mafiga? Akachukua nondo yake.

"Hii si yako, mwanangu. Ni ya hawa," akasema, akionyesha kwa kidevu njia ya korongoni, ambako kitoto kimoja kilikuwa bado kiko mbali, shati nje, kinashuka. Kwenye mafiga palikuwa na kibakuli kimefunikwa. Akangoja kidogo, akakipa kile kitoto muda kifike kwenye daraja, ndipo akagonga. Kikaanza kukimbia.

Nikasimama pale nasikiliza ile sauti nyembamba inaondoka kwenda ng'ambo, na safari hii sikuona cha kucheka.

Sasa huyu wa studio nimemalizana naye. Wewe uliyekaa hapo unasoma, kengele ya shule yenu ilikuwa inaliaje?